Kozi ya ualimu wa yoga ya saa 200, Rishikesh: kagua dakika za kufundisha kabla ya kulipa

Rishikesh, mji ulio kando ya mto Ganga kaskazini mwa India, umejaa shule za yoga, hasa eneo la Tapovan. Nyingi zinauza kitu kilekile: kozi ya saa 200 pamoja na malazi na chakula, na cheti mwishoni. Kwa anayefanya yoga vizuri na sasa anataka kuifundisha, kozi hizi tunazipa alama za juu kwa mazoezi, pumzi na falsafa. Kwa kazi yenyewe ya ualimu, alama zinashuka.

Anza na hesabu. Kozi ya siku 28, ukiondoa Jumapili nne, inabaki na siku 24 za darasa, yaani saa nane na dakika 20 kila siku. Inachosha, lakini inawezekana ukianza alfajiri. Kozi ya siku 21 inabaki na siku 18, zaidi ya saa 11 kwa siku. Hapo ama saa zinapunjwa, ama kujisomea chumbani kunahesabiwa kuwa darasa. Hiyo iache.

Yoga Alliance, shirika la Marekani linalosajili shule na walimu, linataka angalau saa 75 za mbinu na mazoezi, 30 za anatomia na fiziolojia, 30 za historia, falsafa na maadili, na 50 za stadi za kazi, ambamo mna mazoezi ya kufundisha. Anatomia hupwaya mara nyingi. Mwanafunzi anakaririshwa majina ya mifupa lakini haelezwi kwa nini bega linauma. Chukua chaturanga, mkao wa kushusha mwili karibu na sakafu kwa kukunja viwiko, kama pushapu: mabega yakishuka chini ya viwiko, mzigo unaegemea sehemu ya mbele ya kiungo cha bega badala ya kubebwa na misuli ya kifua na mikono. Dawa yake ni kuweka magoti chini na kuishia pale mabega yanapolingana na viwiko. Asiyejua sababu hiyo atazidi kuwahimiza watu washuke.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kufundisha. Darasa la watu 30 linahitaji saa 30 ili kila mmoja aongoze kipindi kimoja tu cha saa nzima. Ndiyo maana wengi huishia kupewa dakika 10 au 15, tena mbele ya wenzao wanaojua kila mkao hata bila kuelekezwa. Kosa haliwezi kuonekana hapo. Linaonekana baadaye, mbele ya wanafunzi wapya kabisa: mwalimu anafanya mikao yote yeye mwenyewe, pumzi inamwishia, na halioni goti la mtu lililolalia ndani. Au anawatazama wanafunzi, anasema "mkono wa kulia" na kuinua wake wa kulia, nao wanaomwiga wanainua wa kushoto. Ukiwatazama, inua wa kushoto huku ukisema kulia. Na agizo litangulie kitendo: pumzi, kisha tendo, kisha kiungo. "Vuta pumzi, inua mikono. Toa pumzi, inama kutoka kwenye nyonga."

Kwa hiyo, kabla ya kutuma malipo ya awali, uliza darasa litakuwa na watu wangapi, kila mmoja ataongoza vipindi vizima vingapi, na nani atamwandikia masahihisho. Uliza pia kama mtafundishwa kumbadilishia mikao mjamzito, mwenye shinikizo la damu na mwenye glaukoma (ugonjwa wa presha ya jicho), ambaye hapaswi kabisa kusimamia kichwa. Shule ikijibu kwa picha za mto na machweo, tafuta nyingine. Darasa la watu 12 lina thamani ya kuongeza pesa.

Kuhusu safari, viza ya utalii ya kielektroniki ya India inaruhusu kozi fupi ya yoga. Anayetoka Kenya au Uganda abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, la sivyo anaweza kuwekwa karantini akifika. Uwanja wa ndege wa karibu ni Jolly Grant, Dehradun. Nyama na pombe hutazipata mjini.

Ukirudi, fundisha watu watano wasiowahi kufanya yoga, saa moja kila wiki: dakika tano za pumzi, 10 za kupasha mwili, 25 za mikao ya kusimama, 12 za sakafuni, na nane za savasana, yaani kulala chali na kupumzika, usizozikata hata ukichelewa.