Wasanifu waliotuchorea shule mbili ndani ya jengo moja

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na ukumbi wa michezo, nitafika huko.

Mimi ndiye mpanga ratiba wa shule, kwa hiyo jengo nalipima kwa kengele: ikilia, nani anakutana na nani, na wapi. Shule ya kati na sekondari zilikuwa zinahamia chini ya paa moja, na wazazi wa watoto wa miaka 11 walikuwa na hofu yao: mtoto kubanwa ngazini na mijitu ya miaka 18 yenye ndevu.

Ofisi nyingine zilituletea picha za kupendeza, bustani juu ya paa na wanafunzi wanaocheka bila sababu. Hawa walikuja mikono mitupu wakaomba ratiba. Walitaka kujua kila maabara inafanya kazi vipindi vingapi kwa wiki, na bwalo linajaa saa ngapi. Kalamu ilishikwa baada ya hapo.

Walichora mabawa mawili, kila moja na lango lake, ngazi zake na vyoo vyake. Katikati wakaweka vile vya gharama ambavyo hakuna sababu ya kuvijenga mara mbili: jiko na bwalo, maktaba, vyumba vya muziki, ukumbi wa michezo. Huko wanafunzi huingia kwa zamu. Maktaba ina milango miwili inayotazamana, meza ya mkutubi ikiwa katikati, hivyo mtu mmoja anaona wanaotoka kila upande. Masinki ya kunawia yako nje ya vyoo, yanaonekana kutoka koridoni, na waonevu wamekosa pa kujibanza.

Maabara ndizo zilizonikosha. Wakubwa wanahitaji gesi na kabati la kufyonza moshi wa kemikali; wadogo wanatosheka na sinki, umeme na meza za kusogezwa. Badala ya kulazimisha maabara moja kwa wote, waliweka chumba cha maandalizi mpakani mwa mabawa, chenye mlango kila upande. Fundi wetu hasukumi tena toroli ya tindikali katikati ya watoto wakati wa mapumziko.

Mjumbe mmoja wa bodi aling'ang'ania kuta za vioo. Msanifu mkuu hakubishana. Alimsimulia tu habari za Hunstanton, shule ya sekondari ya Uingereza yenye kuta kubwa za vioo, iliyochorwa na Alison na Peter Smithson, ikakamilika 1954. Wasanifu wanaisifu hadi leo. Waliosoma humo walilalamikia joto wakati wa kiangazi na baridi wakati wa majira ya baridi. Tukapata madirisha ya kawaida yaliyoinuliwa karibu na dari, na mwanga unafika hadi madawati ya nyuma.

Sasa ukumbi. Umepakana na vyumba vya mitihani. Nilipouliza kuhusu kelele niliambiwa ukuta utakuwa mzito, na kweli ni mzito. Lakini ukuta huzuia sauti inayopita hewani. Mpira unapodundwa, mtikisiko husafiri ndani ya sakafu yenyewe ukatokea upande wa pili. Dawa yake ilikuwa sakafu ya ukumbi iliyotenganishwa na zege kwa tabaka zito la mpira. Ilikuwamo kwenye michoro ya kwanza, ikafutwa wakati wa kubana bajeti, na sisi tutakaoishi humo hatukuarifiwa. Matokeo yake, kukiwa na mtihani hakuna mpira wa kikapu, na msimu wa mitihani wa shule hizi mbili haulingani. Vipindi vya michezo vimebaki vinahamishwa-hamishwa kama wapangaji wasiolipa kodi.

Walirudi tulipolalamika, wakasikiliza, wakapendekeza kutandika mkeka wa mpira juu ya sakafu iliyopo. Umepunguza vishindo vya miguu. Mpira wa kikapu bado unasikika.

Ningewaajiri tena. Ila safari hii, kabla ya kusaini, ningedai orodha ya kila kilichofutwa kwenye makadirio, na mbele ya kila kitu maelezo ya nani atakayeathirika.