BMW 530i baada ya miaka 5: nilivyotenganisha injini na vikorombwezo

Gari ninaloliandikia hapa ni BMW 530i ya kizazi cha G30 (jina la kiwandani la toleo lake). Niliagiza likiwa jipya mwaka 2019, limeshatembea kilomita 83,000 na ushei, na bado nalipenda. Ila sikukusudia kulimwagia sifa. Nataka kueleza wiki 6 zilizotangulia saini yangu, maana hapo ndipo nilipokaribia kukosea kwa pesa nyingi, na kosa lenyewe nimeliona tena na tena kwa watu wanaoniuliza wachukue injini gani.

Mezani kulikuwa na tatu: 520i, 530i na 540i. Zamani namba hizo zilisema ukweli wa injini. 520 ya kwanza, ya mwaka 1972, ilikuwa na lita 2.0 kweli. Siku hizi ni madaraja tu. 520i na 530i nilizopewa nichague zote zilikuwa na injini ya silinda 4 yenye turbo, cc 1,998. Ya kwanza inatoa nguvu farasi 184 na torki (nguvu ya kuzungusha, inayolivuta gari) ya Nm 290, ya pili 252 na Nm 350. 540i ndiyo yenye injini nyingine kabisa: silinda 6 kwenye mstari mmoja, cc 2,998, nguvu farasi 340, Nm 450. Kwa hesabu za kiwandani, kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa 520i inatumia sekunde 7.8, 530i 6.2, na 540i 5.1. Giaboksi ni ile ile ya gia 8 ya kampuni ya ZF kwa zote, na ni nzuri kiasi kwamba sikuifikiria tena baada ya siku ya kwanza.

Dizeli niliiondoa mapema. 520d ina Nm 400 na inakula mafuta kidogo, lakini safari zangu nyingi ni fupi, za kuwasha na kuzima, na chujio la masizi la dizeli linahitaji kupata moto wa safari ndefu ili lijisafishe. Anayesafiri mbali kila wiki aihesabu upya.

Siku ya kwanza nilijaribu 540i. Nilikwenda na mama yangu, kwa sababu yeye ndiye atakayekaa kiti cha nyuma mara kwa mara na ana maumivu ya nyonga ya muda mrefu. Nilirudi nimelewa. Gari lilipita juu ya matuta kama linateleza, kiti kilinishika mabega, ndani kimya, na nikikanyaga mafuta linaondoka bila purukushani. Mama aliposhuka alisema, "Mwanangu, gari hili lina adabu." Nikamaliza shauri moyoni mwangu: silinda 6 au basi.

Baada ya siku 4 tukajaribu 520i, barabara ile ile. Matuta yale yale yakatupiga. Mama alishika mpini wa juu ya mlango njia nzima. Mimi nikaanza kujieleza kama mtaalamu: unaona, injini ndogo, gari linakuwa jepesi, halitulii. Maneno matupu. Usiku ule nilifungua karatasi mbili za maelezo ya magari yale tuliyoyaendesha na kuzisoma mstari kwa mstari, na ndipo nilipopata jibu. 540i ile ilikuwa na shokapu zinazojirekebisha kwa umeme, viti vya daraja la juu, na rimu za inchi 18. 520i ilikuwa na kifurushi cha michezo cha M, yaani springi ngumu zaidi na gari limeshushwa, juu ya rimu za inchi 19, na viti vya kawaida. Nilikuwa naisifu injini kwa kazi ya shokapu.

Magari ya kujaribu huwa yamesheheni vikorombwezo, yaani vitu vya ziada vya kulipia, na hakuna mawili yaliyosheheni sawasawa. Ukishuka, mwili wako unakupa hukumu moja tu, nzuri au mbaya, haukuchambulii kilichotoka kwenye injini, kilichotoka kwenye tairi na kilichotoka kwenye kiti. Kuchambua ni kazi yako, na inahitaji karatasi ya maelezo ya gari lile lile unaloliendesha, si kitabu cha matangazo.

Basi nikaomba nitafutiwe 530i yenye shokapu zile zile, viti vile vile, rimu za inchi 18. Ilichukua karibu wiki 3 kupatikana. Muuzaji alikuwa mvumilivu, na namshukuru. Tulipita matuta yale kwa mara ya tatu. Mama aliuliza, "Hili si lile la kwanza?" Nilimwambia hapana, Mama, hili ni jingine, injini yake ni karibu sawa na ya lile lililokurusha. Hakuamini.

Sasa, silinda 6 inaleta nini hasa? Kuna watu wanasema ni mbwembwe, na hawajasema kweli. Katika injini ya silinda 4, pistoni 2 zinapanda wakati 2 zinashuka, na ungedhani zinafutana. Hazifutani kabisa, kwa kuwa pistoni inakwenda kasi zaidi katika nusu ya juu ya mwendo wake kuliko nusu ya chini. Inabaki nguvu ndogo inayotikisa injini mara 2 kwa kila mzunguko wa krenkishafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Watengenezaji wanaiwekea shafti za mizani zinazozunguka kasi maradufu ili kuimeza. Silinda 6 za mstari mmoja hazina hitaji hilo, mitikisiko yake inajifuta yenyewe kwa mpangilio wake. Ndiyo sababu ukiivuta injini ya 540i hadi mizunguko 5,000 kwa dakika unasikia sauti inayopanda kama uzi mmoja, bila ukwaruzo. Nimeiendesha, naijua, na kuna siku naikumbuka.

Lakini unaisikia lini? Nilijiwekea daftari kwa wiki 2 kwenye gari langu la zamani, nikiandika jinsi ninavyoendesha kwa kweli, si ninavyojiona nikiendesha. Muda mwingi nilikuwa chini ya kilomita 60 kwa saa. Mizunguko ya injini ilivuka 3,500 mara 5 tu katika siku 14. Chini ya 2,500, 530i na 540i zote zinanong'ona, na ile torki ya Nm 350 inapatikana yote kuanzia mizunguko 1,450 kwa dakika, kwa hiyo huhitaji kuipigisha kelele injini ili gari liondoke. Injini ya silinda 4 ni fupi na nyepesi pia, na pua ya gari inaingia kona kwa wepesi ninaoupenda zaidi.

Kwa nini basi sikushuka hadi 520i, ambayo peke yangu mjini ilinitosha kabisa? Kwa sababu ya mlima na lori. Niliirudia 520i mara ya pili tukiwa watu wazima wanne, buti limejaa, kiyoyozi kimewashwa. Kwenye tambarare haikuwa na neno. Kwenye mpando, nyuma ya lori linalojikokota, nilitoka upande wa pili, nikakanyaga hadi chini, na nikahesabu sekunde nyingi kuliko nilizozitaka kabla ya kurudi upande wangu. Hakukutokea hatari, nilikuwa nimeacha nafasi ya kutosha. Ila nilijua kwamba safari zetu za kifamilia ndivyo zilivyo, milima na malori, na sikutaka kila mara niwe wa kupiga hesabu. 530i kwenye mpando ule ule ilipita bila mimi kufika mwisho wa pedali. Kwangu hiyo ndiyo maana ya zile nguvu farasi 68 za ziada, na kwa mtu asiyetoka mjini hazina kazi.

Bei ya 540i ikiwa tupu ilikaribiana na ya 530i yenye vyote nilivyovitaka. Hapo uchaguzi ukawa wazi, ingawa haukuwa mwepesi. Nilichagua viti, shokapu na taa badala ya silinda 2.

Viti vya daraja la juu ndicho kitu nilichokinunua kwa akili kuliko vyote. Nusu ya juu ya egemeo inakunjika peke yake kuja mbele, kwa hiyo mabega yanapata pa kuegemea hata ukikaa wima. Nilikuwa nashuka safari ya saa 4 nikijinyoosha kama mzee. Sasa nashuka na kwenda kufanya kazi. Shokapu zinazojirekebisha nazo nimeziacha kwenye hali ya starehe karibu miaka yote 5, na naona hivyo ndivyo gari hili lilivyokusudiwa kuwa. Taa za LED zinazogeuka na kona zilinishangaza, sikuzitarajia kuwa na thamani kubwa hivyo, lakini anayesafiri usiku kwenye barabara isiyo na taa ataelewa.

Kuhusu rimu nina msimamo mkali, na una chanzo. Gari langu lililotangulia, la kampuni nyingine, nililinunua na rimu kubwa kwa ajili ya sura. Shimo moja usiku wa mvua lilipasua rimu ya mbele na kuvimbisha ukuta wa tairi ya nyuma yake. Tangu hapo napiga hesabu kabla ya kutazama sura. Tairi ya G30 ya inchi 17 ni 225/55, yaani upana wa milimita 225 na ukuta wa asilimia 55 ya upana huo, maana yake ukuta wake una urefu wa milimita 124. Ya inchi 18 ni 245/45, milimita 110. Ya inchi 19 mbele ni 245/40, milimita 98, na nyuma 275/35, milimita 96. Kutoka 17 hadi 19 unapoteza zaidi ya sentimita 2 za mpira kati yako na shimo. Na tairi za aina inayotembea bila upepo, zilizokuwa zikifungwa kwenye magari mengi ya BMW ya wakati ule, zina ukuta mgumu tayari. Nilichukua 18. Wakati mwingine natamani ningechukua 17, mama yangu angefurahi, lakini nakiri gari linapendeza zaidi hivi.

Nilivyoviacha sivijutii. Kuongeza sauti ya redio kwa kuzungusha kidole hewani. Ufunguo wenye kioo cha kuonyesha kiwango cha mafuta. Kifurushi cha michezo. Magurudumu ya nyuma yanayogeuka niliyasitia kidogo: kwenye mwendo mdogo yanageukia upande tofauti na ya mbele na gari linakunja kama dogo, kwenye kasi yanageukia upande mmoja nayo na gari linatulia. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini ni mitambo ya ziada ambayo siku moja itadai fundi wake, nami nilitaka kukaa na gari miaka 10.

Mafuta: napata karibu kilomita 11 kwa lita kwa mchanganyiko wa mjini na safari, foleni mbaya zikishusha hadi 8 au 9. Si ajabu kwa gari la ukubwa huu. Na kwa kuwa nchi nyingi hutoza kodi kwa ujazo wa injini, kubaki chini ya cc 2,000 kuna faida ambayo anayenunua 540i inafaa aiulizie kabla, si baada.

Kuna jambo moja nililolikosea hata baada ya uangalifu wote huo. Sikuchukua mfumo wa kufuata gari la mbele, ule unaosimama wenyewe kwenye foleni na kuondoka tena. Niliuona ni anasa ya watu wavivu. Daftari langu lilikuwa limeshaniambia kwamba maisha yangu ya barabarani ni foleni, nikalitumia kuchagua injini, na sikulitumia hapo. Mfumo ule unategemea rada ya mbele pamoja na nyaya na programu zake, na kuufunga baadaye ni kazi ya gharama isiyo na uhakika. Niliulizia mara 2, nikaacha. Kiti ninacho, kimya ninacho, mlima nauweza. Ila kila jioni, mita 5 mbele, breki, mita 5 mbele, breki, mguu wangu wa kulia unanikumbusha mstari ule niliouruka kwenye karatasi ya kuagizia.