Meno yaling'aa, maumivu yakabaki chini ya ufizi: uzoefu wangu na kusafisha meno ya paka bila nusukaputi

Lau ningeandika tathmini hii siku ile ile nilipotoka kwenye kliniki hiyo ya wanyama, ningeipa nyota zote tano na kuwasihi wenye paka wote wa Dar es Salaam waende huko. Nilikuwa nimempeleka paka wangu Zabibu, ambaye magego yake yalikuwa yamefunikwa na ugaga wa rangi ya kahawia, na muda usiotimia saa moja nikarudishiwa paka mwenye meno meupe kama nyama ya nazi. Nilimshukuru kijana wa mapokezi kwa mikono miwili. Leo ninaandika kwa hasira ambayo miezi iliyopita tangu hapo haijaipoza, kwa sababu weupe ule ndio ulionipumbaza. Zabibu aliumwa ndani ya nyumba yangu, mbele ya macho yangu, nami nikiwaonyesha wageni meno yake yalivyo mazuri.

Kwenye ukuta wa kliniki hiyo, upande unaotazama barabara, pamebandikwa bango kubwa lenye picha ya paka aliyeachama kinywa, na maneno yanayosema kwamba meno ya paka husafishwa hapo bila nusukaputi kwa usalama wa mnyama wako. Maneno hayo yalinigusa pale pale penye kidonda. Paka wa jirani yangu alilazwa kwa nusukaputi ili afungwe kizazi na hakuamka tena, na nilimwona jirani yangu akirudi nyumbani na kikapu kitupu. Kwa hiyo nilipolisoma bango lile sikuuliza swali hata moja, na hilo najilaumu mpaka leo.

Kazi yenyewe ilifanywa na vijana wawili. Walimviringisha Zabibu ndani ya taulo, mmoja akamshika shingo na taya, mwingine akaanza kukwangua kwa chuma chembamba chenye ncha iliyopinda. Niliambiwa nisubiri nje. Nikiwa kwenye benchi nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwake, si ule wa njaa wala wa kugombana na madume ya mtaani, bali mlio mrefu unaotoka kifuani na kukatika ghafla. Nilipoinuka, kijana wa mapokezi alinituliza kwamba ni hofu tu. Taulo lilipofunguliwa lilikuwa na madoa ya damu, nikaambiwa kwamba fizi hutoa damu kidogo, ni kawaida. Nikalipa, nikaondoka na furaha yangu.

Dalili zilianza miezi miwili mitatu baadaye, masika yakiwa yameshakolea. Zabibu ni paka wa samaki tangu asili yake, nilimwokota akiwa kinda nyuma ya soko la Feri, na kwa miaka saba hivi sijawahi kumwona akisita mbele ya dagaa. Sasa akawa anachukua dagaa mmoja, anakiinamisha kichwa upande wa kulia, anatafuna mara moja au mbili, kisha dagaa anaanguka akiwa ametafunwa nusu, naye anarudi nyuma akinguruma kana kwamba sahani ndiyo iliyomuuma. Baada ya muda njaa inamrudisha, anaanza upya. Kidevu chake kikawa kimelowa mate kila wakati. Manyoya ya mgongoni, ambayo alikuwa akiyalamba mpaka yanateleza, yakaanza kushikana mafungumafungu. Asubuhi moja nilikuta kwenye kanga ninayomtandikia uzi mrefu wa mate, na ndani ya mate hayo mlikuwa na damu.

Nilirudi kliniki siku hiyo hiyo, na hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Kijana wa mapokezi hakumtoa Zabibu kwenye kikapu. Aliinua mfuniko, akamnyanyua mdomo wa juu kwa kidole, akatazama meno ya mbele tu, akafunga mfuniko. Akasema, "Mama, huyu meno yake tulishayasafisha, tazama yalivyo meupe. Paka anayeumwa meno hali, na wewe mwenyewe unasema anakula. Huyo anadeka." Nikamwomba amwite daktari mwenyewe amtazame Zabibu mpaka nyuma ya kinywa. Kijana akanijibu mbele ya watu waliokuwa wamekaa pale, kwa sauti ya kuwafurahisha, "Mama, paka ni paka tu. Mjini hapa kuna watu hawana hela ya kung'oa meno yao wenyewe." Watu wawili walicheka. Kisha, kama mtu anayenipa zawadi ili niondoke, akaniambia nikifika nyumbani nimpe robo ya kidonge cha parasetamoli asubuhi na jioni, maumivu yatatulia.

Kwamba wapo watu wasio na hela ya kung'oa jino, najua. Nimeishi nao na nimewahi kuwa mmoja wao. Lakini hoja hiyo haikutajwa siku nilipokuwa nahesabu noti mbele ya meza yake. Na neno lile la "paka tu" limenikaa kooni kuliko fedha. Sisi watu wa pwani tumelelewa na paka barazani na jikoni, tumefundishwa tangu chuoni kwamba paka si najisi, na tumesimuliwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki yake. Mtu aliyekulia hapa na kuchagua kazi ya kutibu wanyama alipaswa kuwa wa mwisho kulitamka.

Nilifika nyumbani nikakata kidonge. Nilikikata kwa kisu cha mboga juu ya kibao, nikaisaga robo yake, nikaichanganya na mchuzi wa kibua. Kilichomwokoa Zabibu ni kwamba nilitaka kujua kama dawa hiyo hutolewa kabla ya chakula au baada, na kwa kuwa sikutaka kuisikia tena sauti ya yule kijana, nilimpigia daktari mwingine ambaye jirani yangu alikuwa amenipa namba yake. Sikumaliza sentensi. "Mama, usimpe. Tafadhali usimpe. Ameshaila?" Nikamwambia bado. Akanyamaza kidogo, nikamsikia akivuta pumzi, kisha akanieleza kwamba ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli kama linavyofanya ini la binadamu, kwamba sumu inayobaki huiharibu damu mpaka isiweze kubeba hewa ya oksijeni, fizi zikageuka rangi ya tope, uso na miguu ikavimba, na kwamba hata kipande kidogo cha kidonge kinaweza kumuua. Sahani ile ya mchuzi niliimwaga, nikaiosha mara mbili, kisha nikakaa chini jikoni kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu. Zabibu alikuwa ananizunguka miguuni akiudai mchuzi wake.

Kwa huyo daktari wa pili, ambaye alisomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, nilikwenda kesho yake. Hakuwa na bango. Alikaa na Zabibu sakafuni kwanza, akamwacha amnuse, ndipo akampandisha mezani na kumfunua mdomo upande wa nyuma. Kwenye jino la kwanza la nyuma ya chonge, taya la chini, ufizi ulikuwa umepanda juu ya jino kama kidoti chekundu, na alipokigusa kwa pamba taya lote lilitetemeka, meno yakagongana yenyewe. Aliniambia kwamba mtetemeko huo ndio paka kusema, na kwamba paka hutafuna na maumivu kwa miezi kwa sababu silika yake ni kuyaficha. Ukingoja aache kula ndipo uamini kwamba anaumwa, umechelewa sana.

Ugonjwa wenyewe si kutoboka kwa meno kama kwetu. Jino la paka huanza kuyeyuka lenyewe, mwili ukilila kidogo kidogo, na chanzo chake hakijajulikana sawasawa mpaka leo. Kwa nje linaweza kuonekana zima, jeupe hata, huku mzizi umeshaliwa, ndiyo maana bila picha ya eksirei hakuna anayeweza kusema kinywa cha paka ni kizima. Aliniambia pia kwamba kukwangua ugaga unaoonekana ni kufagia kizingiti na kuacha chumba kichafu, kwa sababu maradhi ya fizi hukaa chini ya ufizi, na hakuna paka aliye macho atakayekubali chuma kipite huko. Akilazwa kwa nusukaputi huwekewa mrija kwenye koo la hewa, ili maji na vipande vya ugaga visiingie mapafuni. Jino likikwanguliwa na kuachwa bila kung'arishwa hubaki na mikwaruzo, na ugaga mpya huishika mikwaruzo hiyo upesi zaidi. Baadaye nilisoma kwamba American Veterinary Dental College, chombo cha mabingwa wa meno ya wanyama kule Marekani, kinaipinga waziwazi huduma hii ya kusafisha bila nusukaputi. Mambo haya yanajulikana na yamesemwa wazi, lakini mimi niliuziwa kinyume chake kwa jina la usalama.

Siku ya upasuaji nilisaini karatasi mkono ukitetemeka. Walimpima damu kwanza, wakanionyesha majibu ya figo na ini, wakanieleza ni nani atakayekaa na Zabibu kuhesabu mapigo ya moyo muda wote. Mashine yao ya eksirei ni ile kubwa ya kawaida, si ndogo ya meno, ikabidi wamgeuze na kupiga picha mara kadhaa, na hilo liliongeza muda na gharama. Nalisema ili nisionekane nimelipwa kuwasifu. Meno matatu yaling'olewa. Paka mzima ana meno 30, huyu wangu amebaki na 27. Jioni yake, bado akiyumbayumba, alikula chakula laini kilichopondwa bila kuinamisha kichwa, nami nikalia.

Sasa kuhusu hukumu yangu kwa ile kliniki ya kwanza. Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba msiende huko kwa meno, lakini kwa chanjo na minyoo mnaweza kwenda, kwa kuwa yule daktari mzee mwenye kliniki ndiye aliyemwokoa Zabibu alipokuwa kinda akiharisha, na wema ule sijausahau. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kutoa nyota mbili. Nilimpigia simu kabla ya kuandika, nikiamini kwamba akisikia habari ya parasetamoli atashtuka. Alinisikiliza kwa heshima, akasema "pole sana mama" zaidi ya mara moja, na kwa dakika kadhaa moyo wangu ulilainika. Nikamuuliza kama wale vijana waliomkwangua wametambuliwa na Baraza la Veterinari. Akasema ni wasaidizi wazoefu. Nikamuuliza kuhusu yule wa mapokezi aliyetoa dawa kutoka kichwani. Akasema ni kijana bado, anajifunza. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba amemaliza ugomvi, kwamba nimlete Zabibu watamsafisha meno tena, safari hii bure.

Hapo nyota ya pili ikaondoka. Na kadiri ninavyoandika naona hata kauli yangu ya chanjo haisimami, kwa sababu mlango wa kuingilia ni ule ule na anayekaa mlangoni ni yule yule. Mtu anayeweza kukuambia kwa uso mkavu umpe paka kitu kitakachomuua, kesho atamwambia mwingine jambo jingine kuhusu mbwa wake, na huenda huyo asiwe na namba ya kupiga. Kwa hiyo hapana, msiende, si kwa meno wala kwa chanjo, mpaka mzee awaondoe watu hao mbele au awafundishe. Nasema hivi na bado ninamheshimu mzee mwenyewe, na inaniuma.

Zabibu ninampiga mswaki kila jioni baada ya magharibi, kwa mswaki laini wa mtoto na dawa maalumu ya paka, kwa kuwa yetu ina floraidi na paka hajui kutema. Nilianza kwa kidole kilichochovywa kwenye mchuzi wa samaki, majuma mawili ya kidole tu, kisha kitambaa, kisha mswaki. Daktari alinieleza kwamba utando laini wa kwenye meno hugeuka ugaga mgumu ndani ya siku chache, kwa hiyo mkono wangu haupumziki. Anavumilia upande wa kushoto. Upande wa kulia, yalipokuwa meno yaliyong'olewa, bado ananishika mkono kwa kucha, taratibu, bila kuniparura.

Jambo moja nililomwomba mzee kwenye simu ile, baada ya kuikataa huduma yake ya bure, ni alibandue lile bango. Akasema ataliangalia. Juma lililopita nilipita na daladala mbele ya kliniki, nikasogea dirishani kutazama. Bango bado lipo, limeoshwa na mvua, na chini yake mwanamke alikuwa amesimama na kikapu, akilisoma.