Oksimita ya kidoleni katika wiki 6 za kupona nimonia

Nilitoka wodini nikiwa na antibiotiki za siku 3 zilizosalia na agizo la kupima oksijeni asubuhi na jioni, nikanunua oksimita ndogo ya kubana kidole, ambayo sasa nimeitumia kwa wiki 6. Katika kutahadharisha hatari naipa alama za juu. Katika kumweleza mgonjwa amefikia wapi kupona, ilinipotosha.

Kifaa hupitisha kidoleni mwanga mwekundu na wa infraredi, kisha hulinganisha kiasi kinachofyonzwa na himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) yenye oksijeni na ile isiyo nayo, mbinu aliyoibuni Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970. Mapafu mazima kwa kawaida hutoa asilimia 95 hadi 100. Mimi nilianza na 93, nikafika 97 siku ya tano, nikajiona mzima, nikapanda ngazi kwa haraka na kuishia kukaa katikati yake nikihema.

Yaliyokuwa yakiendelea kifuani hayasomeki kwenye kioo kile. Bakteria wanapovamia vifuko vya hewa, seli nyeupe ziitwazo nyutrofili hufika ndani ya saa chache, zikawameza na kumwaga kemikali ambazo huunguza pia tishu za mwili wenyewe. Antibiotiki huua bakteria, lakini haiondoi mabaki ya mapambano hayo. Nyutrofili zilizomaliza kazi hujifisha kwa utaratibu, nazo makrofaji, seli nyingine za kinga, huzimeza kabla hazijapasuka na kuchochea uvimbe upya. Na kule kumeza ndiko kunakozibadili makrofaji zenyewe, zikaacha kuita askari zaidi na kuanza kutoa ishara za kutuliza, mojawapo ikiwa intalukini-10. Baada ya hapo majimaji hunyonywa na kuta za vifuko hupata seli mpya. Ndiyo maana kivuli kwenye eksirei huweza kubaki wiki kadhaa baada ya homa kushuka.

Uchovu nao (ambao jamaa zangu waliuita uvivu, kwa kuwa namba ilikuwa nzuri) una sababu zake: wakati wa maambukizi mwili huvunja misuli ili kupata malighafi ya protini za kinga, na ini hutoa hepsidini, homoni inayofungia madini ya chuma yasiwafikie bakteria, hata kama utengenezaji wa damu utapungua.

Kwa swali la iwapo uvimbe unazimika, kipimo cha damu cha CRP, protini ambayo ini huitoa wakati wa uvimbe, kilinijibu vizuri zaidi, kwa kuwa protini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi pindi ini linapoacha kuitengeneza.

Lalamiko langu kubwa ni kijitabu cha maelekezo. Kinataja vidole baridi na rangi ya kucha, lakini hakisemi neno juu ya ngozi nyeusi, ingawa inajulikana kuwa oksimita nyingi huwaonyesha watu weusi oksijeni nyingi kuliko waliyo nayo. Mwenye ngozi kama yangu akiona 94 huku anahema, asisubiri ishuke ndipo aende hospitali.

Tangu wiki ya pili nimekuwa nikipima mara mbili, nikiwa nimetulia na baada ya kutembea kidogo. Nikiwa nimekaa namba haikubadilika tena. Ya baada ya kutembea ilikuwa 92, na ilihitaji mwezi mzima kufika 96.