Mafunzo ya kufundisha kwa miradi kwa walimu wa sekondari: tathmini yangu baada ya muhula mmoja

Mwanzoni mwa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, shule yetu iliyopo wilayani Bahi ililipia walimu watatu mafunzo ya kufundisha kwa njia ya miradi, yanayotolewa na taasisi moja isiyo ya kiserikali yenye ofisi jijini Dodoma. Ada ilikuwa shilingi 90,000 kwa mwalimu, nayo ilijumuisha semina ya siku nne, kitabu cha mwongozo na mwalimu mshauri aliyetutembelea shuleni mara sita katika muhula wa kwanza. Mimi ni mwalimu wa Kemia. Wenzangu wa shule za jirani wameniuliza kama fedha hiyo ilitumika vizuri, na jibu langu ni kwamba ilitumika vizuri kwa sababu ya zile ziara sita.

Semina yenyewe ilikuwa ya kawaida: karatasi za manila ukutani, kazi za vikundi, cheti siku ya mwisho. Tulielezwa kwamba William Heard Kilpatrick aliandika kuhusu mbinu ya mradi huko Marekani mwaka 1918, na mwezeshaji alikumbusha kwa haki kwamba sisi wenyewe tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, sera iliyounganisha masomo na kazi kama kilimo cha shule. Ningependa hapo tungekaa zaidi, kwa sababu wengi wetu tulilima mashamba ya shule bila kuulizwa hata siku moja kwa nini mtama ulistahimili ukame na mahindi yakakauka, na tofauti kati ya kazi ya mikono na mradi wa kujifunzia imo humo humo.

Mshauri alipofika shuleni mara ya kwanza nilimwonyesha andalio langu la mada ya ugumu wa maji (yaani maji kutotoa povu kwa urahisi na sabuni), Kidato cha Tatu. Nilikuwa nimepanga kufundisha mada yote kwanza, kisha wanafunzi watengeneze bango. Alilisoma taratibu, akaniuliza: "Mwalimu, bango hili litakuwa na jambo gani ambalo halimo tayari kwenye daftari?" Sikuwa na jibu. Tulikaa chini ya mwarobaini kwa saa nzima, tukalitafuta swali ambalo lingebeba mada yenyewe badala ya kuipamba baada ya kwisha, na tukalipata katika malalamiko ambayo kila mtu hapa anayajua: kisima kirefu cha kijiji kinatoa "maji ya chumvi" yanayomaliza sabuni. Je, chumvi na ugumu wa maji ni kitu kimoja?

Wanafunzi walileta maji ya kisima kirefu, ya lambo na ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, kwa kuwa msimu wetu wa pekee wa mvua ulikuwa bado unaendelea. Walihesabu matone ya maji ya sabuni yaliyohitajika hadi povu lisimame, wakachemsha sampuli na kurudia, kisha wakaongeza magadi na kurudia tena. Kikundi kimoja, bila kuagizwa, kilitia chumvi kidogo ya mezani katika maji ya mvua na kuona kwamba povu bado lilitoka. Walikuja kuniambia wakiwa na wasiwasi kwamba wamekosea, na hapo ndipo maelezo ya kalisi na magnesi, madini yanayofanya maji yawe magumu, yalipopata masikio, kwani walikuwa wanayahitaji. Baadaye walimweleza mama lishe wa jirani kwa nini birika lake lina magamba meupe ndani, na kwa nini kuchemsha huondoa ugumu wa muda lakini si ule wa kudumu.

Jambo la pili ambalo mshauri alinisaidia ni lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi hunyamaza si kwa kukosa wazo bali kwa kukosa maneno. Alipendekeza vikundi vijadiliane kwa Kiswahili, kisha waandike ripoti kwa Kiingereza wakisaidiwa na orodha ya istilahi ubaoni. Wanafunzi ambao sikuwahi kusikia sauti zao tangu Kidato cha Kwanza walianza kubishana kuhusu matone.

Kasoro zipo, na nimezieleza kwa taasisi yenyewe. Kitabu cha mwongozo kimeandikwa kwa darasa dogo lenye kompyuta, wakati mimi nina wanafunzi 68 na maabara yenye mabomba mawili. Fomu za tathmini za vikundi 14 nilizitoa nakala kwa fedha yangu. Ziara ya tano ilipangwa katika wiki ya mitihani, ikawa haina maana. Muda nao ni gharama ya kweli: mada ilichukua vipindi 12 badala ya 8, na mwalimu wa taaluma alinihoji, kwa haki, nitakamilishaje muhtasari wa somo. Nilifidia kwa kuunganisha sehemu ya mada iliyofuata na ripoti zilezile, lakini si kila mada inakubali hivyo, na mwalimu asijaribu zaidi ya mradi mmoja kwa muhula.

Wanaofikiria kujiandikisha waulize kwanza kuhusu ziara: ni ngapi, nani atakuja, na kama amewahi kufundisha somo husika. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024 unadai umahiri, na semina peke yake haimpi mwalimu ujasiri wa kuingia darasani na swali ambalo hajui litaishia wapi. Mwalimu wetu wa Jiografia amejiandikisha kwa awamu ijayo, na mkuu wa shule amekubali kumlipia kwa masharti mawili: ratiba ya ziara ipangwe kwa kalenda ya shule yetu, na mshauri akae pia katika kikao kimoja cha jumuiya ya ujifunzaji ya walimu, ili walimu wasiokwenda semina nao wamuulize.