The Sonics: albamu ya 1965 au ile ya 1967?

Jamani kama ndo unaanza na The Sonics, ile bendi ya roki ya vijana wa Tacoma kule Washington, Marekani, usianzie popote tu. Here Are The Sonics ya 1965 ni fujo tupu, dramu zote zilinaswa kwa maiki moja, gitaa linakoroma, na mwimbaji wao Gerry Roslie akipiga lile yowe kwenye wimbo wa Psycho unaweza kudhani kamwagiwa maji ya moto, mi mwenyewe mara ya kwanza nilishusha volyumu nikijua spika imepasuka.

Sasa Introducing the Sonics ya 1967 walienda kurekodi Hollywood, sauti ikasafishwa, na hapo ndo ugomvi ulipo, wengi wanasema wamepigwa pasi mpaka wakaisha makali, na hata bendi yenyewe haikuipenda. Mi nakubali nusu. Wimbo wake wa High Time bado unatembea vizuri tu, tena unasikia kila chombo, ila ukiuweka baada ya The Witch, wimbo wa ile albamu ya 1965, unakuwa kama chai isiyo na tangawizi.

Kwa hiyo ya 1965 ndo ya kununua, ya 1967 isikilize bure kwanza, tena siku ambayo hujaigusa hiyo nyingine.