Uzoefu wangu na kozi ya mtandaoni ya Kiholanzi cha mwanzo

Nilijiunga na kozi ya kulipia ya ngazi ya A1, yaani ngazi ya chini kabisa, nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa inburgering (kujumuika katika jamii ya Uholanzi), ule unaofanyiwa ubalozini kabla ya mtu kuhamia Uholanzi kuishi na mwenzi wake. Kwa upande wa sarufi nimeridhika nayo sana.

Sehemu iliyonisaidia kuliko zote ni ile ya nafasi ya kitenzi. Mwanafunzi hupewa sentensi fupi, «Ik werk vandaag thuis», kisha huambiwa aanze na neno la wakati. Hapo kitenzi hubaki palepale katika nafasi ya pili na mtenda husogea nyuma yake: «Vandaag werk ik thuis». Sisi tuliozoea kusema «leo ninafanya kazi nyumbani» bila kuhangaika na mpangilio tunahitaji mazoezi mengi ya namna hii, na kozi inayatoa kwa wingi. Baada ya hapo huingia «omdat» (kwa sababu), ambayo hukipeleka kitenzi mwisho kabisa: «Ik blijf thuis omdat ik ziek ben», yaani ninabaki nyumbani kwa sababu ninaumwa.

Mgawanyo wa majina katika makundi mawili, yanayotanguliwa na «de» na yanayotanguliwa na «het», haumtishi mtu aliyekulia kwenye ngeli, kwa kuwa upatanisho anaujua tangu utotoni. Hata hivyo, maelezo ya kwa nini husemwa «een grote stad» (mji mkubwa) lakini «een groot huis» (nyumba kubwa) yamefupishwa mno, ilhali kanuni yenyewe ni nyepesi: jina la «het» likitanguliwa na «een», kivumishi hakichukui «-e».

Kasoro kubwa naiona kwenye uteuzi wa maneno. Kwetu kitabu kipo mezani na chupa ipo mezani. Kwa Waholanzi kitabu kimelala («ligt») na chupa imesimama («staat»), na anayetumia «is» (ni, yupo) kila mahali hueleweka, ila lugha yake husikika ngeni. Kozi imeyapa maneno haya ukurasa mmoja tu, bila sauti. «Weten» na «kennen» nayo yametafsiriwa yote mawili kuwa kujua, pasipo kueleza kwamba mtu au mji hutumiwa «kennen», na habari fulani hutumiwa «weten».

Kwa anayeanza kabisa, naipendekeza kozi hii kwa moyo mkunjufu, mradi atafute pia mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu mazoezi karibu yote ni ya kuandika ilhali mtihani una sehemu ya kuzungumza.